Digrii ya saikolojia au diploma ya Butabika: hesabu niliyomfanyia mpwa wangu

Dada yangu wa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, alinipigia simu usiku, saa ambayo mtu hupiga akiwa na msiba au akiwa na ada. Ilikuwa ada. Binti yake amemaliza sinia siksi, yaani kidato cha sita, mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Alama zake si mbaya, ila hazikumfikisha kwenye udhamini wa serikali, ambao huchukua wanafunzi wapatao 4,000 tu kwa mwaka katika vyuo vikuu vyote vya umma, tena wengi wao wa sayansi. Binti anataka saikolojia Makerere. Mama yake amesikia sokoni kwamba pale Butabika, hospitali kuu ya magonjwa ya akili, kuna diploma ya mambo ya akili na kwamba "hao wanaajiriwa". "Wewe ulisoma hiyo kitu," akaniambia. "Tuambie, inalipa ama hailipi?"

Niliisoma, ndiyo. Nina digrii ya saikolojia ya jamii tangu 2014, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeipitisha kwenye makazi ya wakimbizi magharibi mwa nchi. Nikamwambia anipe wiki moja nikae na kalamu. Yaliyotoka kwenye hiyo wiki ndiyo haya. Tarakimu za ada na matumizi ni za mfano, tulizikadiria pamoja kwa simu. Ukikaa na barua yako ya kujiunga, futa zangu uweke zako.

Deni ni la nani?

Ukitafuta mtandaoni habari za deni la digrii ya saikolojia, utaletewa makala za Marekani. Kule mwanafunzi hukopa yeye mwenyewe kutoka serikali kuu, husoma, kisha hulipa akishaanza kazi, na zipo njia za kulipa kulingana na kipato. Makala hizo zina hesabu nzuri sana ambazo hazitufai. Hapa kwetu deni huandikwa jina la mama.

Tunayo Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, na mkopo wake ndio unaofanana kidogo na ule wa Wamarekani: unalipa baada ya kuhitimu, ukiwa umepewa mwaka mmoja wa kupumua. Lakini mkopo huo umelenga kozi za sayansi. Upande wa sanaa na sayansi za jamii, mlango umekuwa wazi hasa kwa wanafunzi wenye ulemavu. Na hata ukiupata, unalipia ada na michango ya chuo. Chakula na kitanda ni juu yako. Saikolojia ya Makerere iko chini ya chuo cha sanaa na sayansi za jamii, kwa hiyo mpwa wangu asiujengee nyumba mkopo huo. Kwa diploma za sayansi, kozi kadhaa zimewahi kuwemo kwenye orodha. Asome tangazo la mwaka wake, jina la kozi na jina la chuo, neno kwa neno.

Basi kinachobaki ni sako ya sokoni, yaani chama cha kuweka na kukopa, ng'ombe, kibanja, au yule bwana mwenye duka la simu anayekopesha kwa kushika kadi ya benki.

Gharama mbili, kando kwa kando

Digrii kwanza. Tuseme ada ni 1,500,000 kwa semesta. Semesta sita ni 9,000,000. Michango mingine ya chuo, tuiweke 800,000 kwa mwaka, inafika 2,400,000. Hosteli ya Kikoni, mtaa wa jirani na chuo, si ile yenye jenereta na ulinzi wa kamera, 900,000 kwa semesta: 5,400,000. Chakula na nauli 250,000 kwa mwezi, miezi minane kwa mwaka, miaka mitatu: 6,000,000. Mafunzo kwa vitendo, uchapaji wa utafiti na kanzu ya mahafali: 1,000,000. Jumla 23,800,000.

Angalia ada peke yake ni ngapi humo. Haifiki hata theluthi mbili za mzigo, haifiki nusu. Kila mzazi niliyewahi kuongea naye huuliza ada na kukata shauri kwa ada, kisha Kikoni na sahani ya mchana ndivyo vinavyommaliza.

Diploma ya tiba ya akili, miaka mitatu pia. Tuseme 1,200,000 kwa semesta, jumla 7,200,000. Sare, vifaa, mitihani na vitabu 2,400,000. Malazi na chakula, kwa kuwa shule za afya nyingi hukaa na wanafunzi wao, 5,000,000. Jumla 14,600,000.

Tofauti ni kama milioni tisa. Kwa dada yangu, hizo ni ada za wadogo wawili mpaka sinia foo.

Pesa imetoka wapi?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo niliposhangaa mwenyewe. Dada anaweza kubana nusu ya gharama ya digrii kutoka kwenye biashara yake ya mahindi. Nusu ya pili, tuseme milioni 12, lazima akope: 2,000,000 kila semesta, alipe ndani ya miezi sita, akope tena.

Sako yake inatoza asilimia 2 kwa mwezi. Swali la kwanza: asilimia 2 ya nini? Kama ni ya salio linalopungua, atalipa kama 357,000 kila mwezi, na riba yote ya miezi sita ni 142,000 hivi. Kama ni riba bapa, ile inayohesabiwa juu ya milioni mbili zilezile hata ukiwa umebakiza laki tatu, riba ni 240,000. Kwenye bango asilimia ni moja, mfukoni ni mbili tofauti. Dada amekuwa mwanachama miaka tisa na hakuwahi kuuliza.

Sasa yule bwana wa kadi. Asilimia 10 kwa mwezi, kama wengi wao wanavyotaka. Milioni mbili kwa miezi sita huzaa riba ya 1,200,000. Rudia mara sita: 7,200,000. Kwa sako ya salio linalopungua, mara sita hizo ni kama 854,000.

Soma tena. Kumwendea mkopeshaji badala ya sako kunaongeza zaidi ya milioni sita kwenye digrii ileile, chumba kilekile, mwalimu yuleyule. Mahali pesa inapotoka panabadilisha bei ya masomo kwa karibu theluthi mbili ya ile tofauti ya kubadilisha kozi yenyewe. Sheria ya 2016 inayosimamia taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na haki yako ya kwanza ni kuomba kuiona. Ukiomba, utamwona anavyokuangalia.

Jambo lingine liko kwenye tarehe. Mkopo wa sako unaisha kulipwa kabla binti hajamaliza hata semesta inayofuata. Mama analipa 357,000 kila mwezi kwa miaka mitatu, kutoka kwenye magunia, bila digrii kuleta hata shilingi. Siku binti anavaa kanzu, karatasi za sako zitakuwa safi. Deni litakuwa limehama tu: ng'ombe hayupo, duka limepungua, na kuna mdogo wa sinia tuu anayesubiri. Hilo deni halina riba wala tarehe, lakini lilinila mimi miaka sita. Mshahara wangu wa kwanza ulikuwa na wenyewe kabla sijauona.

Mshahara baada ya makato

Watu hutajiana mshahara wa juu, ule wa kwenye barua. Tuushushe mpaka mkononi, kwa viwango vya kodi ya mshahara vilivyowekwa 2012.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa 700,000. Kodi 112,000. Mfuko wa akiba wa NSSF, asilimia 5 yangu, 35,000. Mkononi 553,000. Chumba 180,000, chakula na nauli 270,000. Kilichobaki kilikuwa kama laki moja. Ukimrudishia mama milioni 12 kwa laki moja kwa mwezi, utamaliza baada ya miaka kumi.

Kwenye barua ya 1,200,000, kodi ni 262,000, NSSF 60,000, mkononi 878,000. Ukiishi kwa adabu ileile, unaweza kutuma 300,000 nyumbani, na milioni 12 hurudi kwa miezi 40. Umbali kati ya 700,000 na 1,200,000 si mkubwa ukiutazama, lakini kwa familia ni umbali kati ya miaka kumi na miaka mitatu na kitu.

Ukipewa barua inayosema "posho ya mwanafunzi wa kazi" bila NSSF, ujue asilimia 10 ya mwajiri imepotea pia. Mwaka mmoja wa hivyo, sawa. Wa pili, anza kutafuta kwingine.

Karatasi inakuruhusu kufanya nini?

Hapa ndipo digrii ya saikolojia inapowachanganya watu, na iliniduwaza mimi pia. Unamaliza miaka mitatu, jirani anakuita daktari wa akili, na wewe huruhusiwi kumwandikia mtu kidonge hata kimoja. Kutibu kama mwanasaikolojia wa kliniki kunataka shahada ya uzamili, ile ya saikolojia ya kliniki Makerere au inayolingana nayo, pamoja na miezi ya mazoezi wodini. Kwa hiyo anayesema "nataka kuwa mwanasaikolojia" ahesabu miaka mitano au sita, si mitatu, na milioni za ziada ambazo mama hatakuwa nazo.

Aliyetoka shule ya Butabika anatoka na kitu kingine. Ni afisa kliniki wa magonjwa ya akili: anasajiliwa na baraza la wataalamu wa afya shirikishi, anachunguza, anaandika dawa, anapangiwa kituo cha afya ngazi ya nne au hospitali ya wilaya. Kazi yake ina jina kwenye muundo wa watumishi wa serikali, na nafasi ikitangazwa, tume ya utumishi ya wilaya inajua inatafuta nani. Mwenye digrii yangu huomba kazi ambazo tangazo lake linasema "kazi ya jamii, sayansi ya jamii, saikolojia, ushauri nasaha, au inayofanana". Katika hiyo "inayofanana" nimepanga foleni na watu mia mbili.

Tena mshahara wa serikali siku hizi una upande. Tangu Julai 2022 serikali imewapandishia watu wa sayansi: mwalimu wa sayansi mwenye digrii shilingi 4,000,000, daktari 5,000,000, na wahudumu wa afya waliosajiliwa wakaguswa pia. Walimu wa sanaa waligoma Juni mwaka huohuo na wakarudi darasani mikono mitupu. Nilimtajia mpwa wangu ualimu wa baiolojia na kemia, maana kwa hesabu tupu ndio unaoshinda zote hizi. "Mjomba, mimi sitaki chaki," akasema, tukaendelea.

Sitaki nipake Butabika rangi kuliko ilivyo. Wilaya hutangaza nafasi bajeti ya mishahara ikiruhusu, na wapo maafisa kliniki waliokaa nyumbani miaka miwili na leseni mkononi, au wanaofanya zamu kliniki binafsi kwa pesa ya nauli. Kazi yenyewe ni nzito. Wodi ya wagonjwa waliochachamaa haina mvuto wa picha za mtandaoni, na ndugu wa mgonjwa wengi hufika wakiwa wameshamaliza pesa kwa waganga. Anayeipenda saikolojia kwa sababu ya vitabu na maswali kuhusu binadamu anaweza kuchoka mwaka wa kwanza.

Mashirika, na lugha tunayoongea

Mwajiri mkuu wa watu wa digrii yangu kwa miaka mingi hakuwa serikali. TASO ilianza 1987 ikiwashauri watu wenye virusi vya UKIMWI wakati hospitali hazikuwa na la kuwaambia, na ushauri nasaha ukawa kazi ya mshahara nchini. Baadaye ukaja mfuko wa Marekani wa UKIMWI mwaka 2003, kisha wimbi la mashirika ya wakimbizi. Uganda inahifadhi zaidi ya watu milioni moja na nusu.

Mwaka huohuo wa 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini Masaka na Rakai: vikundi vya tiba ya mazungumzo kwa watu wenye sonona, vikiongozwa na wenyeji waliofundishwa wiki mbili tu. Vilifanya kazi, tena vizuri. Ni habari njema kwa wagonjwa. Kwetu wenye digrii ilikuwa na maana nyingine: shirika likishajua kwamba mama wa kijijini anaweza kuongoza kikundi, halitakulipa wewe kuongoza kikundi. Litakulipa usimamie viongozi kumi, upime maendeleo, uandike ripoti inayosomeka. Kwa hiyo anayekwenda kusoma saikolojia asikimbie takwimu. Nilizikimbia, nikajifunza baadaye kwa taabu, kwenye kompyuta ya kuazima.

Halafu ikaja Januari 2025. Tarehe 20 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Wiki moja tu baada ya ile tarehe 20 Januari, Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23, na Wakongo wakazidi kuvuka kuja kwetu. Wenye majeraha ya moyo waliongezeka, wa kuwasikiliza wakapewa barua za kuachishwa. Yangu nilipewa mchana, mbele ya watu wanne waliopewa za kwao.

Nilirudi kazini baada ya miezi mitano, kwingine, na naweza kusema wazi kilichonirudisha. Kwenye usaili tulikuwa na digrii zinazolingana. Waliniuliza maswali mawili kwa Kiingereza, la tatu mama mmoja wa Kivu Kusini akaanza kunisimulia kwa Kiswahili cha kwao, nami nikamjibu bila mkalimani. Makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, Nakivale, Rwamwanja, Kyangwali: huko Wakongo ni wengi, na Kiswahili ndicho kinachofungua mdomo. Ukienda Bidi Bidi kwa Wasudani Kusini, Kiswahili chako hakitakufikisha mbali. Shuleni kwetu lugha hii ilidharauliwa, wakaiita ya askari na wezi, mpaka baraza la mawaziri lilipoipitisha 2022 ifundishwe shuleni. Sisi wa mpakani tulikuwa nayo bure. Mpwa wangu anayo, na Kiteso pia. Kwenye hesabu yake nimeiweka kama mali.

Ningechagua nini?

Kwa binti huyu mwenye PCB, Butabika kwanza. Inamgharimu mama yake milioni tisa pungufu, inampa leseni, na digrii au uzamili vinaweza kufuata kwa mshahara wake mwenyewe, akishajua kama anaweza kweli kukaa na mgonjwa saa tatu usiku.

Ningegeuza jibu kama angekuwa wa HEG, yaani historia, uchumi na jiografia. Bila baiolojia na kemia, shule ya Butabika haimchukui, na mashindano yanakuwa kati ya saikolojia na ile digrii ya kazi ya jamii tunayoiita SWASA. Gharama ni karibu sawa. Matangazo ya kazi hutaja kazi ya jamii mara nyingi zaidi, kwa hiyo anayetaka kuanza kutuma pesa nyumbani mapema aende huko. Saikolojia achukue yule aliyekwisha kuamua kufika uzamili na mwenye njia ya kuulipia. Saikolojia ya viwanda na mashirika ni habari nyingine kidogo, inaelekea ofisi za utumishi, lakini pale utakutana na waliosoma biashara na usimamizi, nao ni wengi.

Na angekuwa na shangazi mwenye nyumba Wandegeya au Makerere Kivulu, hosteli ikatoka kwenye hesabu na nusu ya chakula, digrii ingeshuka mpaka milioni 15 na ushei. Hapo ningenyamaza, ningemwacha afuate moyo.

Kwa pesa ya yule bwana wa kadi, hata moja nisingechukua. Ni afadhali mtoto akae mwaka mmoja auze mahindi na mama yake.

Niliwasomea haya kwa simu, spika imewashwa. Binti alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama leseni ya Butabika itamruhusu siku moja kusoma saikolojia ile aliyoitaka. Nikamwambia vyuo vinapokea wenye diploma, kila kimoja kwa masharti yake. Akataka aone kwanza mahali penyewe kabla hajasema ndiyo. Jumatatu atapanda basi la asubuhi kutoka Busia, nitampokea Kampala, tuchukue teksi ya Luzira mpaka getini Butabika. Mama yake hatakuja. Anasema siku hiyo ana kazi sako, anakwenda kuuliza asilimia mbili ya nini.